ANAYEKOROGA KALIBU NI FUNDI, SI MTU WA KUKOROGA UJI



Iko kazi moja katika karakana za vioo ambayo matajiri huiona kama kazi ya kukoroga uji. Ni kazi ya kuchanganya plasta na unga wa mawe kufanya kalibu, au moldi kama wengi wetu tuiitavyo, ambayo ndani yake vipande vya kioo huyeyushwa katika tanuri vikapata sura ya sahani, kigae cha ukutani, herufi au sanamu. Tajiri akiajiri mtu wa kukata kioo humwita fundi. Akiajiri mtu wa kuangalia tanuri humwita fundi. Lakini kuchanganya kalibu humpa kijana yeyote aliyefika langoni asubuhi kutafuta kibarua. Humwonyesha magunia mawili, ndoo na mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, kisha humwambia: changanya nusu kwa nusu. Na siku kalibu ikipasuka ndani ya tanuri na kioo kikamwagika, kijana huyo huyo ndiye anayekatwa mshahara.

Mimi nasema mambo haya mawili hayawezi kukaa nyumba moja. Ikiwa kukoroga kalibu ni kazi isiyotaka ujuzi, basi kijana hawezi kulaumiwa kwa kukosa ujuzi. Na ikiwa ni kazi inayotaka ujuzi, basi anayeifanya ni fundi, naye alipwe kama fundi, apewe vyombo vya fundi, na mapafu yake yalindwe. Tajiri achague moja.

Najua karakana za kioo si nyingi katika Kenya, na wengi wanaosoma karatasi hii hawajaona kioo kikiyeyushwa. Lakini ndugu zetu wanaofinyanga vyungu, wanaobandika dari za jasi na wanaosubu vyuma watajiona humu, kwa maana magunia ni yale yale na vumbi ni lile lile.

Tuitazame kazi yenyewe. Mchanganyiko unaotumiwa sana ulimwenguni ni plasta na unga wa silika, uzito sawa kwa sawa, na maji kwa uzito huo huo. Kilo moja ya plasta, kilo moja ya silika, lita moja ya maji. Plasta ni jasi iliyochomwa ikapoteza sehemu kubwa ya maji yake, na ikirudishiwa maji hugeuka jiwe tena. Hiyo ndiyo inayoshika. Lakini plasta peke yake haiwezi moto wa kioo, hunywea na kupasuka kabla kazi haijakwisha. Silika huuweza moto huo, ila haishiki kitu. Kwa hivyo kila moja yamtegemea mwenzake, na ukikosea kipimo upande mmoja kalibu hubomoka, upande mwingine hupasuka.

Sasa tazama ule mkebe wa mafuta ya kupikia. Nimesema uzito sawa, sikusema mkebe sawa. Mkebe uliojaa plasta na mkebe uliojaa silika hazilingani kwenye mizani, na hata plasta yenyewe iliyoshindiliwa hailingani na plasta iliyochekechwa. Kijana aliyeambiwa "nusu kwa nusu" akapewa mkebe badala ya mizani amekwisha kupewa kalibu mbaya kabla hajatia mkono ndani ya ndoo.

Tena iko namna ya kukoroga. Maji hutangulia ndoani, na unga hunyunyizwa polepole juu ya maji, haumwagwi kwa pigo moja, wala maji hayamwagwi juu ya unga. Halafu huachwa dakika mbili tatu unywe, ndipo hukorogwa kwa mkono chini ya maji bila kuingiza hewa, kwa maana kila povu linalobaki litakuwa shimo juu ya kioo. Maji yakiwa ya moto plasta hushika upesi mno. Ndoo ikiwa na makoko ya jana hushika upesi vile vile. Na gunia la plasta lililoachwa wazi wakati wa masika hunywa unyevu wa hewa, na plasta hiyo haitashika vizuri hata ikorogwe na bingwa kutoka Ulaya. Nani aliyeliacha gunia wazi? Nani aliyekataa kununua pipa lenye kifuniko? Katika karakana nilizoziona, huyo si mkorogaji.

Baada ya hapo ni moto. Katika kalibu ya kilo tatu, kilo moja ilikuwa maji. Maji hayo lazima yatoke, tena yatoke bila haraka. Fundi mwenye akili huiacha kalibu ikauke hewani siku kadhaa, kisha hulisimamisha tanuri karibu na digrii 100 za Sentigredi kwa saa nyingi mpaka mvuke uishe, akijaribu kwa kuweka kipande cha kioo baridi penye tundu la tanuri aone kama kinatoa jasho. Tanuri likifika digrii 573, silika hubadilika ndani yake na kupanuka kwa ghafula, kwa hivyo hapo nako ni pa kwenda taratibu. Kioo cha chupa au cha dirisha chataka zaidi ya digrii 800 ili kijaze kalibu. Na wakati wa kushuka, kioo hicho chataka kukaa karibu na digrii 540 muda mrefu kipoe sawasawa ndani na nje. Kipande kinene chaweza kutaka siku nyingi. Kikiharakishwa hupasuka, na mara nyingi husemwa ni kalibu iliyokipasua.

Sasa nauliza swali la mtoto mdogo. Ni nani anayeshika swichi ya tanuri? Ni nani anayesema, mteja anakuja Ijumaa, pandisha moto leo usiku? Kijana wa ndoo hajawahi kusema maneno hayo. Lakini Ijumaa ikifika na kioo kimepasuka, ndoo yake ndiyo inayotafutwa.

Juu ya jambo la kukata mshahara, sheria haina giza. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali yake iliyoharibika au kupotea mikononi mwa mfanyakazi, lakini yataka uharibifu huo uwe umetokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Kalibu iliyopimwa kwa mkebe kwa sababu mizani haikununuliwa si kosa la makusudi la mkorogaji. Kalibu iliyotiwa motoni ikiwa mbichi kwa amri ya msimamizi si kosa lake hata kidogo. Memba aliyekatwa kwa sababu kama hizo amwone stewadi wake, wala asitie sahihi karatasi yoyote ya kukubali deni kabla ya kumwona.

Fedha zilizokatwa zaweza kurudi. Jambo la vumbi ni lingine, kwa maana hilo halirudi.

Unga wa silika wa kalibu husagwa laini sana, ili uso wa kioo utoke laini. Ulaini huo ndio unaoua. Punje zinazofika chini kabisa katika mapafu ni zile zilizo ndogo kuliko sehemu moja ya mia ya milimita, na hizo huwezi kuziona kwa macho zikielea. Vumbi unaloliona likianguka juu ya meza si lile la kuogopwa zaidi. Lile la kuogopwa hubaki hewani saa nyingi baada ya wewe kudhani kumetulia, nawe umeondoa kitambaa usoni ukaketi hapo hapo kunywa chai. Likikaa mapafuni hufanya makovu, na makovu hayo huendelea kukua hata mtu akiacha kazi. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya. Aliye nao hupatwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mtu mwingine, na tangu mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliweka vumbi hili la silika katika kundi la kwanza la vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu.

Wamarekani, kwa sheria yao ya mwaka 2016, waliweka mpaka wa maikrogramu 50 katika mita moja ya hewa, pande zote tatu, kwa kazi ya saa nane. Maikrogramu 50 ni kitu gani? Punje moja ya sukari yapita uzito huo mara nyingi. Basi mfikirie kijana anayefungua gunia la kilo 25 kwa kisu, analiinamisha, anachota kwa mkebe, na wingu linampanda mpaka nyusi zake zinakuwa nyeupe, na wenzake wanamcheka kwamba amezeeka. Kweli amezeeka, ila kuzeeka kwenyewe hakuko kwenye nyusi.

Na kukoroga si hatari kubwa peke yake. Baada ya moto kalibu haina maji tena. Plasta imekuwa unga na silika imefunguka. Hapo ndipo huvunjwa kwa nyundo na patasi ili kioo kitoke, kisha mabaki hufagiwa kwa ufagio mkavu, na mahali pengine hupondwa tena ili yatiwe katika kalibu mpya, tajiri apunguze gharama. Isitoshe, silika iliyopita moto mkali yaweza kugeuka sehemu yake kuwa kristobaliti, nayo ni mbaya kwa mapafu kama silika ya kwanza au kuipita. Basi anayevunja na kufagia yuko hatarini kama anayekoroga. Nami nimeona kazi ya kufagia akipewa mama wa usafi asiyejua hata jina la kitu anachokifagia.

Wengine watasema haya ni maneno ya ofisini. Hapana, ni maneno ya wafanyakazi waliotutangulia. Katika mji wa Stoke-on-Trent, Uingereza, vyombo vyeupe vya kaure vilichomwa vikiwa vimefukiwa katika unga wa jiwe gumu lililojaa silika, ili visipinde. Wafanyakazi waliovifukia na kuvifukua walikufa kwa mapafu kwa vizazi vingi. Baadaye ilionekana ya kwamba unga wa alumina wafanya kazi ile ile bila kuharibu pafu namna ile, na kanuni za mwaka 1947 zikaufunga mlango wa unga wa zamani. Mwaka 1950 wasubu vyuma wa Uingereza nao walipata kanuni ya kukataza unga wa silika uliokuwa ukipakwa ndani ya kalibu ili zisigandamane. Ndugu, tangu wakati huo imepita zaidi ya miaka 70. Na si mambo ya kale tu. Tarehe 1 Julai 2024 Australia ilipiga marufuku mawe ya kutengenezwa ya meza za jikoni, kwa sababu vijana waliokuwa wakiyakata walikuwa wakipata silikosisi. Huko matajiri walisema biashara itakufa, kama wanavyosema kila mahali.

Tajiri wetu naye ana jibu lake, na ni haki nililete hapa. Asema unga wa kalibu uliokwisha changanywa huagizwa kutoka ng'ambo, bei yake ni kubwa, na kama hatutachanganya wenyewe karakana itafungwa na kazi zitapotea. Mimi namkubalia nusu. Kuchanganya wenyewe si kosa, tena ni jambo la kujivunia. Jasi huchimbwa hapa hapa Kajiado, na fundi anayejua uwiano wa unga wake anaweza kubadilisha, akaongeza udongo uliochomwa na kusagwa ili kalibu isipasuke, au akazungusha waya wa kuku ndani ya kalibu kubwa iwe na nguvu. Isitoshe, magunia hayo ya ng'ambo mengi yao yana silika ile ile ndani. Anayenunua mchanganyiko wa bei kubwa akidhani amenunua usalama amenunua mfuko mzuri tu. Kwa hivyo mimi sipigani na mchanganyiko wa nyumbani. Napigana na mchanganyiko wa bei rahisi ambao urahisi wake umelipwa na kifua cha mtu mwingine.

Kuna na wale wanaosema tutumie dayatomaiti, ule unga mwepesi mweupe unaochimbwa Kariandusi karibu na Gilgil, ati kwa kuwa ni wa asili hauna ubaya. Tujihadhari. Dayatomaiti mbichi si mbaya kama silika iliyosagwa, ni kweli, lakini ile iliyokwisha chomwa kiwandani yaweza kuwa na kristobaliti nyingi. Rangi nyeupe na neno "asili" havikuambii kilicho ndani. Karatasi ya maelezo ya usalama, inayotoka kwa muuzaji, ndiyo ikuambie, na ni haki ya mfanyakazi kuiona.

Njia zipo, tena nyingine hazina gharama ya kuogopesha. Sahani na trei za kawaida, ambazo kioo hulainika tu na kuanguka ndani, hazihitaji kalibu ya kuvunjwa kila mara. Kalibu ya udongo uliochomwa, ikipakwa dawa ya alumina ili kioo kisishike, hutumika mara nyingi sana, na kuifinyanga ni kazi ambayo ndugu zetu wa vyungu wanaijua vizuri kuliko sisi. Kalibu ya plasta na silika iwekwe kwa kazi ambayo lazima ivunjwe, ile ya sanamu na vitu vyenye mashimo. Huko nako kazi ifanywe kwa maji. Gunia lifunguliwe mahali pa peke yake, penye kivuta vumbi, au nje mbali na watu wengine. Unga ushushwe karibu na maji, usirushwe kutoka juu. Kalibu ilowanishwe kabla ya kuvunjwa, baada ya kioo kupoa kabisa, na sakafu ipanguswe kwa maji. Ufagio mkavu utolewe kabisa katika chumba hicho. Ovaroli ibaki kazini na kufuliwa kazini, isipelekwe nyumbani ikakung'utwe mbele ya watoto.

Na maski. Tusidanganyane juu ya maski. Kitambaa si maski. Ile ya buluu ya hospitali inayofungwa masikioni haikutengenezwa kwa vumbi la namna hii. Inayofaa ni ile yenye kichujio cha N95 au FFP3, inayobana uso pande zote, inayobadilishwa ikichakaa, na tajiri ndiye wa kuinunua. Hata hiyo ni ngao ya mwisho. Mtu aliyevishwa maski nzuri katika chumba kilichojaa wingu bado yuko katika wingu, na mwenzake aliyepita mlangoni hana chochote.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamlazimisha mwenye mahali pa kazi kulinda watu wake na vumbi, na penye wafanyakazi 20 au zaidi yataka iwepo kamati ya usalama ambayo wafanyakazi wana wajumbe wao. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, ya mwaka huo huo, yamtaka mwajiri awakatie wafanyakazi bima, na mwanagenzi anayejifunza kazi naye amehesabiwa ndani yake. Basi lile neno "huyu anajifunza tu" halina maana mbele ya sheria hiyo.

Lakini hapa iko shida ambayo sheria peke yake haiwezi kuimaliza. Silikosisi kwa kawaida haiji mwezi huu wala mwaka huu. Huja baada ya miaka kumi au zaidi, na upesi zaidi mahali ambapo vumbi ni jingi. Wakati huo kibarua wa kalibu amekwisha kupita karakana tatu, mbili zimefungwa, na ya tatu yasema haijamjua. Huko Afrika Kusini wachimbaji wa dhahabu walikwenda mahakamani dhidi ya makampuni makubwa juu ya ugonjwa huu huu, na mpaka mahakama ilipokubali mapatano ya Randi bilioni 5 mwezi Julai 2019, wengi wao walikuwa wamekwisha kuzikwa. Nao walikuwa na makampuni yaliyoandika majina ya watu katika vitabu. Sisi tuna kijana aliyelipwa jioni mkononi. Atathibitisha nini?

Kwa sababu hii natoa rai ya kwamba katika mapatano yajayo na waajiri wa karakana hizi, Chama kisianze na bei ya maski. Kianze na jina la kazi. Mchanganyaji wa kalibu aandikwe katika daraja la mafundi, na mshahara wake uwe wa daraja hilo. Akiisha kuandikwa fundi atakuwa na jina katika kitabu, na tarehe ya kuanza. Atakuwa na haki ya kusema kalibu hii bado mbichi haingii motoni, na msimamizi akimpinga aandike kwa mkono wake ya kwamba amempinga. Atapigwa picha ya kifua anapoanza na kila baada ya muda utakaokubaliwa, kwa gharama ya mwajiri, naye apewe nakala. Mizani na pipa lenye kifuniko vitafuata, kwa maana hakuna tajiri anayependa kumlipa fundi mshahara wa fundi akamwacha apime kwa mkebe.

Neno moja kwa mafundi wenyewe, wale wazee wa kazi. Wengi wenu mna vipimo vyenu vya siri ambavyo hamwonyeshi mtu, mkihofia kijana atawapita. Naijua hofu hiyo na sababu zake, kwa maana mtu mwenye siri ni shida kumfukuza. Lakini siri hiyo ndiyo inayomwacha kijana akisie, na akikisia anarudia mara tatu kazi ya mara moja, na kila mara anafungua gunia jingine. Vipimo viandikwe ukutani, kwa kilo na lita, pamoja na saa za kukausha. Fundi ambaye daraja lake limeandikwa katika mapatano hahitaji kuficha kipimo ili abaki kazini.

Kabla ya mwisho wa mwezi huu, kila stewadi mwenye karakana ya kioo, ya vyungu au ya kusubu aangalie ni nani anayefungua magunia, ni nani anayevunja kalibu, na ni nani anayefagia baadaye. Aandike majina yao, tarehe walizoanza kazi, na maneno yaliyochapwa juu ya gunia kama yalivyo, hata kama hayajui maana yake. Asimsahau mama wa usafi. Karatasi hizo ziletwe ofisini kwa Katibu, naye azitunze mahali pasipoingia maji.